Muziki kama fani ndogo kwenye chuo cha Kikristo: nijaze fomu au niishie kwenye kwaya?

zamu_ya_asubuhi

Bwana asifiwe, wapendwa. Naomba ushauri wa waliopita njia hii, maana usajili unafungwa Ijumaa ya wiki ijayo.

Nasoma uuguzi, mwaka wa pili, kwenye chuo cha kanisa. Hapa mwanafunzi wa fani yoyote anaruhusiwa kubeba fani ndogo pembeni ya ile kuu. Muhula uliopita nilichukua Nadharia ya Muziki I, nikisema nionje tu. Nimeonja, nimenogewa. Sasa natakiwa niamue kama najaza fomu rasmi, krediti 20 kwa jumla (3 ninazo tayari), au naendelea kuimba kwaya ya chuo kama nilivyoanza, bila alama wala cheti.

Mimi nimekulia kwenye kwaya. Nasimama sauti ya pili tangu nina miaka kumi na mmoja, na solfa, yaani muziki ulioandikwa kwa herufi za d r m, naisoma kama ninavyosoma barua. Noti za mistari mitano sikuwahi kuzigusa mpaka nilipoingia darasa lile. Siku ya kwanza ya imla, mwalimu alipiga wimbo mfupi kwenye piano mara tatu akasema tuandike. Wenzangu wakainama wakaanza kuchora noti. Mimi niliusikia wote, d m s l s, f m r d, nikauandika kwa herufi ukingoni mwa karatasi, halafu nikaanza kuhamisha herufi moja moja kwenye mistari, nahesabu kwa ncha ya kalamu: mstari, nafasi, mstari, nafasi. Muda ukaisha nikiwa nusu. Mwalimu alipopita kukusanya aliweka kidole juu ya zile herufi za ukingoni, akauliza, "Hizi umezisikia mwenyewe?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi kazi ngumu umeshaimaliza. Iliyobaki ni mwandiko." Nilirudi bwenini nimeinua kichwa.

Lakini kuna mambo yananisumbua. Mshauri wangu wa masomo anasema mwaka wa tatu zamu za wodini zinaanza, na kwaya ya chuo inafanya mazoezi jioni tatu kwa wiki, kwa hiyo nitavunjika katikati. Halafu baba yangu. Amefundisha kwaya tangu sijazaliwa, hana hata kinanda, do anaitoa kichwani. Nilipomweleza alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mwanangu, kumwimbia Mungu nako kunasahihishwa?" Hakusema kwa ubaya. Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

La mwisho ndilo linaloniuma zaidi. Tulipofundishwa habari ya tano sambamba, yaani sauti mbili zilizoachana kama do na sol zikihama pamoja, jambo tunalokatazwa darasani, ibada yangu iliharibika. Jumatano iliyopita kwenye ibada ya chuo tulikuwa tunaimba wimbo wa toba, watu wamefumba macho, na mimi nasikia besi inatoka do kwenda re, na sauti ya tatu juu yake inatoka sol kwenda la, zinapanda pamoja. Nikabaki hapo hapo. Nilipoyarudia maneno, ubeti wa pili ulikuwa umeshapita, wala sikumbuki niliimba nini. Nilikwenda pale kutubu. Naogopa kwamba nikiongeza miaka miwili ya hivi nitatoka na cheti huku nimepoteza kile kilichonifanya nipende kuimba.

Waliosoma muziki hivi, pembeni ya fani nyingine, mlivukaje?

---

besi_ya_nyuma

Pole dada. Mimi niliacha katikati, kwa hiyo nipokee kama mtu aliyejikwaa anayekuonyesha jiwe lilipo.

Nilikuwa uhandisi. Fani ndogo ya muziki nilijisajili kwa furaha kabla ya kusoma kitabu cha mwongozo wa masomo hadi mwisho. Kumbe Nadharia II ilikuwa inafundishwa muhula mmoja tu kwa mwaka, na hairuhusiwi bila Nadharia I. Muhula huo ikagongana na maabara yangu. Maana yake ni kusubiri mwaka mzima, na masomo mengine yote ya mbele yalikuwa yameegemea hiyo. Ningemaliza chuo nikiwa nimechelewa mwaka kwa sababu ya krediti 3.

La pili: lile somo la ala, mnalokaa na mwalimu wawili tu nusu saa kila wiki, nilitozwa ada yake peke yake, nje ya ada ya kawaida. Hakuna aliyenieleza mpaka bili ilipofika. Vyuo vingi vinafanya hivyo, uliza mapema. Na nusu saa hiyo inadai saa moja ya mazoezi kila siku, la sivyo mwalimu anajua kabla hujamaliza mstari wa kwanza. Mwisho wa muhula unapiga au unaimba mbele ya jopo la walimu.

Kwa hiyo kabla ya Ijumaa nenda ofisi ya masomo na ratiba za miaka miwili ijayo, ya uuguzi na ya muziki, uziweke meza moja. Uliza pia kama kwaya inahesabika krediti hata ukikosa baadhi ya mazoezi kwa sababu ya zamu. Usikubali jibu la mdomo, omba liandikwe.

Kwaya sikuiacha. Naimba besi mpaka leo, na ile Nadharia I moja imenisaidia kuliko nilivyotegemea. Ila nilitamani sana kumaliza, na bado natamani.

---

mwalimu_wa_solfa

Binti, nafundisha muziki kwenye chuo cha kanisa, na swali la baba yako nimelisikia kwa sura nyingi kwa miaka mingi. Ni swali zuri, lisikuudhi.

Mfungulie 1 Nyakati 25. Daudi anawatenga waimbaji wa hekaluni, na mstari wa 7 unawahesabu: watu 288, wamefundishwa kumwimbia Bwana, wote wastadi. Mstari unaofuata wanapigiwa kura za zamu, mkubwa na mdogo, mwalimu na mwanafunzi pamoja. Tazama neno hilo, mwanafunzi. Palikuwa na shule. Sura ya 15 yumo Kenania, amewekwa juu ya uimbaji kwa sababu aliujua vizuri. Aliyemsahihisha mwanafunzi wake hakuwa anasahihisha moyo wake, alikuwa anasahihisha sauti yake. Mwambie baba yako kwamba hata yeye, kila anaposimamisha kwaya na kusema "sauti ya tatu, rudieni hapo," anasahihisha. Tofauti yake na mimi ni kwamba mimi naandika namba.

Sasa solfa. Nakuomba usiione kama ngazi ya watoto. Guido wa Arezzo, mtawa wa karne ya 11, alikuwa na waimbaji waliochukua muda mrefu mno kujifunza nyimbo kwa kukariri. Akachukua wimbo wa Kilatini wa Yohana Mbatizaji, ambao kila mstari wake wa mwanzo unaanza hatua moja juu ya uliotangulia, akatumia silabi hizo za kuanzia kuwa majina ya sauti: ut, re, mi, fa, sol, la. Ut baadaye ikawa do. Karne nane mbele, Uingereza, mwalimu mmoja wa kike wa mji wa Norwich, Sarah Glover, alitengeneza njia ya kufundisha watoto kuimba kwa herufi. Mwaka 1841 mchungaji John Curwen alipewa kazi na walimu wa shule za Jumapili atafute njia nyepesi ya kufundisha uimbaji. Yeye mwenyewe hakuwa mwanamuziki wa kusomea. Akaichukua njia ya Glover, akairekebisha, na hiyo ndiyo solfa ya d r m uliyolelewa nayo. Ilitengenezwa kwa ajili ya kanisa, na mtu aliyetaka maskini wasome muziki bila kununua ala.

Solfa inakufundisha sauti kwa uhusiano: ti inaitamani do, fa inataka kushuka mi, popote do ilipo. Mwanafunzi aliyeanza na piano anajua noti iko wapi kwenye mistari, lakini mara nyingi hajui inataka kwenda wapi. Wewe unalijua hilo tangu una miaka kumi na mmoja. Fanya hivi kila siku kwa dakika kumi: chukua wimbo wa sauti nne unaoujua, tafuta do iko mstari gani, kisha uimbe sauti ya pili kwa majina ya solfa huku macho yako kwenye mistari. Usiandike herufi chini yake. Miezi miwili itatosha kuacha kuhesabu kwa kalamu.

Na hili la ibada. Kwanza jua kanuni yenyewe inasema nini. Umbali wa tano, do na sol, ni sauti mbili zinazoyeyukiana. Zikihama pamoja kwenda re na la, sikio halisikii tena watu wawili, linasikia mmoja, na wimbo wa sauti nne unakuwa kama wa sauti tatu. Ndiyo maana tunakukataza unapojifunza mtindo wa Bach, mtunzi wa zamani wa Ujerumani. Ni kanuni ya mtindo, wala si dhambi. Karne ya 9 waimbaji wa kanisa huko Ulaya walitembeza sauti kwa tano na nne sambamba kwa makusudi, na ibada ilikuwa ibada. Kwa hiyo Jumatano ile hukusikia kosa. Ulisikia kitu ambacho wiki chache nyuma hukuwa na masikio nacho.

Hofu yako ni ya zamani. Agostino, askofu wa kanisa la kale, katika maungamo yake, kitabu cha 10, anakiri kwamba kuna nyakati sauti inamgusa kuliko maneno yanayoimbwa, na anaihesabu hiyo kuwa dhambi, anatamani afadhali asingesikia mwimbaji. Lakini ukurasa huo huo anakumbuka machozi aliyoyamwaga kwa nyimbo za kanisa siku za mwanzo za imani yake, na anaamua kwamba desturi ya kuimba ibaki. Hakumaliza mvutano, aliishi nao. Kwa wanafunzi wangu wengi hali yako hudumu muhula mmoja au miwili. Ni kama anayejifunza lugha: mwanzoni kila ngeli anaisikia, baadaye anasikia maneno tu. Anayekwama mara nyingi ni yule aliyeacha katikati, masikio yameamka nusu.

Ushauri mmoja wa vitendo: kwenye ibada usiimbe sauti ya pili kwa muda. Imba sauti ya kwanza pamoja na watu wote. Darasani ndiko kwa kusikiliza sauti nne.

---

dada_wa_kinanda

Mdogo wangu, mimi nilimaliza. Fani kuu ualimu wa shule ya msingi, muziki pembeni. Nimeisoma habari yako ya imla mara mbili, nikajiona.

Sitakwambia ni rahisi. Muhula wa mazoezi ya kufundisha nilikuwa nasinzia kwenye mafunzo ya sikio. Ila niseme jambo ambalo sikuambiwa: zile krediti za kuchagua ndizo zitakazoamua fani ndogo yako ina faida gani. Wenzangu walichagua kilichoangukia saa nzuri. Mimi nilichukua kuongoza kwaya na kupanga sauti, na hayo mawili ndiyo ninayoyatumia kila wiki. Historia niliipenda, lakini sijawahi kuamshwa usiku na mtu anayeuliza mwaka aliozaliwa mtunzi. Mtu anayeuliza kwa nini sauti ya pili haipati noti yake nakutana naye kila Jumamosi.

Mfano. Kwenye kwaya yangu kulikuwa na mama mmoja anayekosa kuingia ubeti wa pili, kila mara chini kidogo. Zamani ningemwambia asikilize vizuri. Nilipokaa na karatasi nikaona ubeti wa kwanza unaishia sauti ya pili ikiwa mi, na wa pili unaanza la. Kuruka mi hadi la mtupu ni kazi. Lakini sauti ya tatu ilikuwa imemaliza kwenye la ile ile, tena ubavuni pake. Nikamwambia, "Mama, usiitafute kwenye mdomo wako, ichukue kwa huyo kaka jirani yako." Jioni ile ile akaingia. Nakumbuka alivyoninyooshea kidole akiwa anaimba, macho yamemjaa. Hilo nililipata kwenye darasa la kupanga sauti, kusoma sauti nne kwenda chini badala ya moja kwenda mbele.

Lingine ni mkazo wa maneno, na hapa naomba mnivumilie kwa urefu maana ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Kiswahili kinaweka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho. BWAna, BAba, MUngu. Nyimbo nyingi za zamani zilitungiwa lugha zinazoishia kwenye silabi nzito. Angalia zile namba ndogo juu ya wimbo, 8.6.8.6 au 8.7.8.7: ni mizani, kama mizani ya shairi, idadi ya silabi kila mstari. Wimbo wa 8.6.8.6 kwa kawaida unaanza pigo jepesi, kwa hiyo pigo zito linaangukia silabi ya 2, 4, 6 na 8. Ukiweka mstari kama "Ee Bwana wangu na Baba," mwanzo unakwenda vizuri, mwisho unatoka "baBA." Kila mstari unaishia hivyo hivyo, haukwepeki. Sasa chukua 8.7.8.7 inayoanza pigo zito: 1, 3, 5, 7. "Njoo kwetu, Mungu Baba." Imba uone. NJOo KWEtu MUngu BAba. Kama uliandikiwa sisi! Mstari wa silabi 7 ndio unaosumbua, maana unaishia pigo zito, na dawa yake ni kuigawa noti ya mwisho mara mbili ili mkazo ukae juu yake na silabi ya mwisho ishuke taratibu.

Hata Amina. Kwenye ule mwisho wa nyimbo, kodi, yaani sauti kadhaa zinazolia pamoja, ni mbili tu: ya fa, kisha ya do. Lugha nyingine zina silabi mbili, zinatosha. Sisi tuna tatu. Wengi tunaimba "Ami" kwenye kodi ya kwanza na "na" ndiyo inatua, silabi hafifu kabisa imebeba mwisho wa sala nzima. Jaribu hivi: "A" peke yake kwenye kodi ya fa, "mi" itue kwenye do, "na" ibaki pale pale. Sauti yako ya pili itatoka la, kushuka sol, na kubaki sol.

Hakuna kitabu kilichonipa hilo la Amina. Lakini nisingejua hata kuliuliza kama nisingekaa darasani.

Kuhusu uuguzi, tahadhari moja. Watu watakwambia changanya muziki na uuguzi uwe unatibu kwa muziki. Tiba kwa muziki ni taaluma yake, ina mafunzo yake na mazoezi yake chini ya msimamizi, na fani ndogo haikupi hiyo. Ukiitaka, itafute baadaye kwa jina lake. Usijaze fomu kwa ahadi hiyo.

---

zamu_ya_asubuhi

Mwalimu, dada, kaka, asanteni. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa natembea na karatasi zenu.

Nimekwenda ofisi ya masomo kama kaka besi_ya_nyuma alivyosema, na ratiba mbili mkononi. Nadharia II ipo muhula ujao, haigongani na chochote. Ya mwaka wa tatu ndiyo ngumu: jioni moja kati ya tatu za kwaya inaingiliana na zamu. Mwalimu wa kwaya amekubali jioni mbili zitoshe nikijifunza sauti yangu peke yangu, na ameandika kwa mkono wake chini ya fomu, akasaini. Ada ya somo la ala ni kweli iko pembeni. Nitachukua sauti badala ya piano, kwa mihula miwili tu, kwani bwenini sina piano ya kufanyia mazoezi usiku.

Baba nimempigia. Nilimsomea 1 Nyakati 25 yote, na majina yale magumu. Nilipofika 288 aliniambia nirudie. Kisha akauliza, "Wamegawanywa zamu ngapi?" Nikamwambia 24, kila zamu 12. Akapiga hesabu kimyakimya, nikasikia anapumua. Akasema kwaya yake ina watu 13, anamzidi Daudi kwa mmoja. Halafu akaniomba nimtumie zile za mkazo, kwa maandishi, aone.

Jumatano hii niliimba sauti ya kwanza kwenye ibada. Niliimba beti zote nne na maneno nilikuwa nayo. Mwishoni, kwenye Amina, watu wote wakaenda "Ami" na "na" kama siku zote, na mimi peke yangu nikatua kwenye "mi." Mwenzangu wa sauti ya pili aligeuka akanitazama. Kesho baada ya mazoezi amesema nimwonyeshe.

Dada wa kinanda, nina swali: kama wimbo wenyewe umeandikwa Amina mara tatu mfululizo, zile mbili za kwanza nazo unazigawa hivyo hivyo, au unaiacha ya mwisho tu itue?